Sura Moja na Deni Moja: Niliyoyasoma Likizoni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wa kiume na wa kike, wahariri wa jarida letu wametutaka tuliorudi kutoka likizoni tuelezane tulichokisoma. Najua wapo waliomaliza vitabu vitano, na wapo waliohitimisha msahafu zaidi ya mara moja. Mwenyezi Mungu awazidishie. Mimi nilichokisoma, kwa maana ya kusoma kweli, ni sura moja yenye aya kumi na nane. Nivumilieni niwaeleze kwa nini sura hiyo imenielemea kuliko mitihani yote ya mwaka uliopita.

Niliondoka kampasi na begi lenye vitabu sita. Viwili vilikuwa vya masomo, kwa Kifaransa. Vingine ni Riyadhus Salihin ya Imam Nawawi, kitabu cha sira, kitabu cha sarufi ya Kiarabu na riwaya moja ya Kiswahili. Niliandika hata ratiba: kurasa thelathini kwa siku, kila siku. Nilijipa moyo kwa kisa cha Zayd bin Thabit (R.A.), aliyekuwa kijana mdogo wa Madina pale Mtume (S.A.W.) alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu anayeaminika. Zayd mwenyewe amesimulia kwamba nusu mwezi haikupita ila alikuwa ameyamudu. Nikajiambia, ikiwa yeye alijifunza maandishi ya kigeni kwa nusu mwezi, mimi mwenye likizo ya kiangazi kizima nitashindwa nini?

Nilishindwa. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikaifuata. Nilichokifungua mara nyingi kuliko vitabu vyote ni simu. Ile hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi wanapata hasara ndani yake, afya na wasaa, nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa. Nilikuwa na afya, nilikuwa na wasaa, na hasara nilikuwa naihesabu kwa siku.

Nyumbani kwetu ni Buyenzi, kwa bibi mzaa mama. Wanaoijua Buyenzi hawahitaji maelezo: mitaa inayoitwa kwa namba, mafundi magari kila kona, adhana zinazopokezana, na Kiswahili kilichoshuka huku pamoja na misafara kutoka Ujiji tangu enzi za mababu. Bibi yangu alisomeshwa chuoni utotoni. Msahafu anausoma, na Yasin na juzuu ya mwisho amezihifadhi. Lakini shule hakwenda, na herufi za Kilatini hazijui. Kwa hiyo Qurani ameisoma maisha yake yote, ila tafsiri ya Kiswahili iliyomo ndani ya kabati lake hajawahi kuisoma hata ukurasa mmoja.

Tafsiri hiyo ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Marehemu babu aliinunua Kigoma, na bibi ameitunza ndani ya kipande cha kanga. Sheikh al-Farsy alizaliwa Zanzibar mwaka 1912, akawa mwalimu, kisha kadhi, na baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Tafsiri yake ilichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969, na mpaka alipofariki mwaka 1982 ilikuwa imeshaingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa Afrika Mashariki. Katika nyumba yetu iliingia, ikafungwa kwa kanga, ikakaa. Babu alikuwa akimsomea bibi. Tangu alipofariki, hakuna aliyemsomea.

Jioni moja umeme ulikuwa umekatika, na chaji ya simu yangu ilikuwa imekwisha. Bibi akaniona nimekaa kibarazani sina la kufanya.

"Mjukuu wangu, wewe si ndiye msomi wa nyumba hii?"

"Inshallah, bibi."

"Basi kalete kile kitabu cha babu yako, unisomee. Kuna mambo nayasoma kwa ulimi, nataka niyajue maana yake kabla sijaondoka duniani."

Nikaleta taa ya chaji, tukakaa mkekani. Ndivyo ilivyoanza. Kila siku baada ya Magharibi mpaka adhana ya Isha, yeye alisoma aya kwa Kiarabu, mimi nikasoma tafsiri na maelezo ya Sheikh kwa Kiswahili. Tulianza na sura fupi za mwisho. Nilidhani tutakwenda mbio, kumbe sivyo. Bibi akisikia jambo alilokuwa halijui, alinyamaza. Halafu akasema, "Rudia." Nikirudia, akauliza, "Sasa hilo sisi tunalifanya?" Jioni nzima tulikaa juu ya Surat al-Maun, sura ya aya saba, kwa sababu alipojua kwamba Mwenyezi Mungu amewalaumu wanaoswali huku wakiwanyima watu misaada midogo ya nyumbani, alimkumbuka jirani aliyekuja kuazima ndoo akaambiwa haipo, na ndoo ilikuwapo. Kesho yake asubuhi alinituma niipeleke ile ndoo. Mimi nilicheka njiani. Sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Zamu yangu ilikuja bibi alipotaka tusome Surat al-Hujurat, sura ya arubaini na tisa. Alisema babu aliipenda. Tulifika aya ya sita, inayowaamuru waumini kwamba akiwajia mtu asiyeaminika na habari, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Wafasiri wengi wanasimulia sababu ya kushuka kwake: Mtume (S.A.W.) alimtuma al-Walid bin Uqba kwa kabila la Banu Mustaliq akakusanye zaka. Watu wale walipotoka kumpokea, yeye aliogopa, akarudi njiani na kusema kwamba wamekataa kutoa na wametaka kumuua. Ilikaribia kuwa vita. Habari ilipochunguzwa, ikaonekana watu wale wamo katika imani yao na zaka yao wameiweka tayari.

Bibi alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akasema kwamba hiyo aya watu wa Bujumbura wangeandikiwa mlangoni. Akanikumbusha vita vilivyokuja baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye, Oktoba 1993: jinsi neno moja lisilo na mwenyewe, "wanakuja usiku huu," lilivyotosha kuwafanya majirani wa miaka ishirini wafungiane milango, na wengine wafanyiane mabaya zaidi ya hayo. Akaniambia pia kwamba Buyenzi watu wa kila kabila walikaa pamoja, na wapo waliowaficha wenzao majumbani mwao na kukataa kuulizwa nani ni nani. "Waliookoka," alisema, "waliokolewa na watu waliouliza kwanza."

Halafu akanigeukia. "Na wewe je, baba? Umewahi kupeleka habari ambayo hukuichunguza?"

Ndugu zangu, hapo ndipo sura iliponishika.

Wengine wenu mnakumbuka yaliyotokea Ramadhani iliyopita, na wasiokumbuka nitawaeleza kwa ufupi. Tulichanga fedha za futari kwa ajili ya wanafunzi wanaokaa mbali na kwao. Siku moja tende zikakosekana, na uji ukawa haba. Mimi nilisikia kwa mtu, naye alisikia kwa mtu, kwamba fedha zimeliwa. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp maneno mawili matatu juu ya ndugu aliyekuwa na dhamana ya mchango. Sikumtaja jina, lakini nilimtaja kwa namna ambayo hakuna aliyeshindwa kumjua. Nikaweka na kikaragosi cha kucheka. Watu wakaongeza yao. Siku ya tatu ndugu yule alileta daftari na risiti: fedha zilikuwa zimelipwa mapema kwa muuzaji, na mzigo ulichelewa njiani kwa sababu ya uhaba wa mafuta, hadithi ambayo kila mkazi wa mji huu anaifahamu. Mahesabu yalikuwa sawa mpaka faranga ya mwisho. Mimi nilifuta ujumbe wangu. Yeye akajiuzulu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kwenye darsa za Ijumaa.

Nilikuwa nimejiambia kwamba jambo limekwisha. Nilimweleza bibi hivyo hivyo: nilikosea, lakini nilifuta.

Akaniambia, "Umefuta kwenye simu. Kwenye vifua vya watu umefuta?"

Sikuwa na jibu. Nikapendekeza tuiache sura hiyo kwa leo, tuendelee kesho na sura nyingine. Bibi akakataa. Akasema kitabu hakirukwi kwa sababu kimemgusa msomaji. Tukaendelea: aya ya kumi na moja, inayokataza watu kudharauliana na kuitana majina mabaya, aya ya kumi na mbili, inayokataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, na inayomfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya nduguye aliyekufa. Aya hizi nilikuwa nimezisoma katika swala mara nyingi. Nimewahi hata kuzitolea darsa. Jioni ile nilizisoma kwa sauti, mbele ya bibi yangu, kwa lugha niliyonyonya nayo, na sauti ikanikauka.

Usiku nilifungua Riyadhus Salihin, kitabu changu cha kwanza kufunguliwa kati ya vile sita. Imam Nawawi, mwanzoni mwa mlango wa toba, anaeleza masharti yake: kuacha dhambi, kujuta kwa kuifanya, na kuazimia kutoirudia. Kisha anaongeza sharti la nne kwa dhambi inayohusu haki ya mwanadamu: umrudishie mwenye haki haki yake, au umwombe akusamehe. Wanazuoni wamejadili hali ya mtu aliyesengenywa bila kujua. Wapo wanaosema usimwendee ukamuumiza upya, bali umwombee dua na umtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Nilitamani sana hukumu hiyo iwe yangu. Lakini ndugu yule alijua, alisoma kila neno.

Asubuhi nilikwenda kwao kwa miguu, kwa sababu mabasi siku hizo yalikuwa machache na foleni zake ndefu. Njiani nilitunga hotuba nzuri. Nilipomwona mlangoni, hotuba yote ikanipotea. Nikasema tu, "Nilikudhulumu. Nilisema nisichokijua. Naomba unisamehe."

Alinikaribisha, akaniletea maji. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mimi nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuna jambo hulijui. Mama yangu alionyeshwa ule ujumbe na jirani. Aliniuliza, mwanangu, ni kweli? Hilo la mama kuniuliza ndilo sijalisahau."

Nilimwomba ruhusa nizungumze na mama yake. Nilipiga magoti mbele ya mama yule na kumweleza kwamba mwanawe ni mwaminifu, na kwamba mwongo nilikuwa mimi. Jioni niliandika kwenye lile lile kundi, kwa jina langu, kwamba niliyoyasema Ramadhani hayakuwa kweli na sikuwa nimeyachunguza. Wapo walionisifu. Yupo aliyeniuliza kwa nini nafukua maiti. Na leo nayaandika haya jaridani kwa ruhusa ya ndugu yangu, aliyeniwekea sharti moja tu, kwamba jina lake nisiliandike. Neno la uongo lilifika mbali, basi na la kweli nalo lisafiri.

Sitaki mdhani kwamba mambo yote yamerudi kama zamani. Darsa za Ijumaa bado hajarudi. Tunasalimiana, na wiki iliyopita alikaa karibu nami katika swala ya Alasiri. Namwomba Mwenyezi Mungu amlainishie moyo. Lakini sina haki ya kumharakisha. Aliyevunja hapangi siku ya kupona.

Sasa niseme neno juu ya kusoma, kwa sababu ndilo tuliloulizwa.

Sote tunajua kwamba ufunuo wa kwanza aliopewa Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira, aya za mwanzo za Surat al-Alaq, ulikuja na amri ya kusoma. Tunapenda kuitaja amri hiyo kwenye mabango ya hafla zetu. Mara nyingi tunasahau kilichoifuata papo hapo: asome kwa jina la Mola wake. Maana yake anayesoma anasoma akiwa mtumwa wa Mola wake, anangojea aambiwe. Mimi likizo yangu niliianza nikiwa bwana wa vitabu vyangu. Nilivihesabu, nikavipangia siku, nikavitaka vinipe cha kusimulia nikirudi. Havikunipa kitu, kwa kuwa sikutaka kuambiwa kitu.

Abu Abdurrahman as-Sulami, katika kizazi cha tabiina, amesimulia kwamba masahaba waliowafundisha Qurani walikuwa wakijifunza aya kumi, na hawakuzivuka mpaka wajue yaliyomo ndani yake ya elimu na ya matendo. Bibi yangu hamjui Abu Abdurrahman. Lakini swali lake la "Sasa hilo sisi tunalifanya?" limetoka katika njia hiyo hiyo.

Jambo la pili ni lugha. Sisi wanafunzi wa mji huu tuna lugha nyingi na tunazigawia kazi. Kifaransa ni cha mitihani, Kirundi ni cha nchi na jamaa, Kiarabu ni cha swala, Kiswahili ni cha mtaani. Mgawanyo huo una hatari: dini inaweza kubaki kwenye lugha tunayoisoma bila kuielewa, na maisha yakabaki kwenye lugha nyingine, visikutane. Wazee wetu waliliona hilo mapema. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa bingwa wa Kiarabu, alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawaandikia Waislamu mambo ya dini na dunia yao kwa Kiswahili. Sheikh al-Farsy alifuata njia hiyo hiyo. Jifunzeni Kiarabu, na mimi naendelea na ile sarufi yangu. Lakini msingoje mpaka mkimudu ndipo muanze kuelewa mnachokisoma.

La tatu, na ndilo ninalowaomba mlichukue. Wengi wetu tuna nyumbani mzee anayehifadhi asichokielewa, na sisi tuna macho na herufi. Likizo ijayo usimpelekee zawadi ya dukani peke yake. Chukua kitabu, kaa naye baina ya Magharibi na Isha, umsomee. Utadhani unamsaidia. Mzee aliyeishi miaka sabini anakijua kinachotafutwa na aya kuliko wewe unayejua kuitamka tafsiri yake, na kusoma mbele yake kunakunyima nafasi ya kuruka ukurasa unaokuuma.

Na kwa wale ambao likizo yao ilipotea kama wiki zangu za mwanzo, msikate tamaa. Mwishoni mwa Surat al-Inshirah Mola wetu anamwelekeza Mtume wake kwamba akimaliza shughuli moja asimame kwa nyingine, na shauku yake aielekeze kwa Mola wake. Muumini anapumzika, lakini hana siku ambayo hana pa kuelekea. Wasaa mdogo wa jioni moja, umeme umekatika, ulinitosha mimi kulipa deni nililolibeba tangu Ramadhani. Kila mmoja wetu aangalie simu yake leo, asome alichokiandika juu ya wenzake, na ajiulize kama alichunguza. Kama hakuchunguza, njia ya kwenda kwa mwenye haki bado iko wazi maadamu wote wawili wako hai.

Siku ya kurudi kampasi tulikuwa tumefika aya ya mwisho ya al-Hujurat. Bibi alikifunga kitabu kwa kanga yake, akanikabidhi begi langu lenye vitabu sita, vinne kati yake havijafunguliwa, akaniambia nisihuzunike. Sasa kila Alhamisi usiku ananipigia simu. Mdogo wangu wa darasa la saba ndiye anayemsomea siku hizi, na mimi naulizwa maswali kwa mbali. Wiki hii wako Surat Qaf, na swali lake la mwisho bado sijalijibu.

Ewe Mola wetu, tusamehe sisi na ndugu zetu waliotutangulia katika imani. Usiache mioyoni mwetu chuki juu ya waliokuamini. Zilinde ndimi zetu na vidole vyetu. Tufanye tuwe wasomaji wanaoambiwa wakasikia, na walipe wazee wetu kheri kwa yale waliyotuhifadhia mpaka tukaja kuyasoma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.